Mumeo Akikoroma, Sikiliza na Kimya Chake

Akina mama wapendwa, tukikutana katika vikundi vyetu, kukoroma kwa baba huwa jambo la kuchekesha. Wengine husema ni dalili ya usingizi mtamu. Sisi wauguzi kicheko hutukauka, kwa sababu miongoni mwa wakoromaji hao wamo tunaowapima shinikizo la damu mwezi hadi mwezi, nalo halishuki ingawa wanameza dawa.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Hatari imo katika kimya kinachofuata. Anakoroma, ananyamaza, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imeziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mwenye hali mbaya, pumzi huziba au kupungua mara 30 au zaidi kwa saa moja, na asubuhi huenda asikumbuke lolote.

Pumzi ikikatika, oksijeni katika damu hupungua. Ikirudi, oksijeni hupanda ghafula. Kushuka na kupanda huko huzalisha chembe kali zinazoshambulia seli, mfano wa kutu inavyokula chuma. Mwili unayo kinga yake, lakini usiku baada ya usiku huzidiwa. Mishipa ya damu hupata mchochota, hukakamaa, na shinikizo hupanda. Koo nalo haliponi: mtikisiko wa kukoroma huumiza kaakaa laini na kimio, navyo vikivimba huzidi kuibana njia ya hewa. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe.

Wengi wetu, tukichoshwa na kelele, huhamia chumba cha watoto. Hatuna lawama, mama naye anahitaji usingizi. Lakini tukihama, shahidi pekee ameondoka. Kabla ya kuhama, tuhesabu vile vimya usiku mmoja au miwili, tuandike, kisha tufuatane na baba hadi kwa daktari. Tumweleze pia kama anaamka na maumivu ya kichwa, au anasinzia mchana, hasa akiwa dereva.

Nyumbani, kulala ubavu, kupunguza uzito uliozidi, na kuacha pombe na sigara husaidia. Tusimpe vidonge vya usingizi bila ushauri wa daktari, kwani vingine hulegeza koo zaidi. Iko pia mashine ya kusukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisizibe. Colin Sullivan na wenzake wa Australia waliieleza mwaka 1981, na hadi leo ni tiba kuu.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa wanaume tu. Sisi wanawake hatari yetu huongezeka hedhi inapokoma, na mara nyingi tunalalamikia uchovu na kukosa usingizi. Basi baba naye atusikilize.