Ubishi wa Chumbani Kuhusu Doctor Who

Chumbani kwetu hosteli kuna ubishi wa aina mbili: Simba na Yanga, na nani ameiandika Doctor Who vizuri zaidi. Huu wa pili ndio ulioniaibisha.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza 1963, ikasimama 1989, ikarudi 2005. Shujaa wake, Daktari, husafiri kwenye wakati kwa chombo chenye umbo la kibanda cha buluu cha polisi, na akikaribia kufa hugeuka mtu mwingine. Tangu irudi, ladha yake hubadilika kila anapobadilika mwandishi mkuu.

Mimi ni wa Russell T Davies, aliyeirudisha. Kwake, kila safari ina mtu aliyebaki nyumbani. Rose anarudi akidhani amekaa nje saa 12, kumbe imepita miezi 12. Mama yake amebandika matangazo ya kumtafuta, na Daktari anakula kofi. Steven Moffat, aliyeshika usukani 2010, alipenda mafumbo. Daktari wake anamuahidi mtoto Amelia kurudi baada ya dakika 5, anarudi baada ya miaka 12. Tamu, ila kuna misimu bila daftari huelewi. Chris Chibnall, kuanzia 2018, alileta Daktari wa kike, Jodie Whittaker, na visa vya Rosa Parks na kugawanywa kwa India 1947. Huyu nilimponda sana: wahusika wake wanaelezana mambo ambayo tunayaona wenyewe.

Usiku mmoja tuliangalia "The Timeless Children" ya 2020, tuko watano kwenye laptopu moja. Ndipo inafichuka kwamba Daktari si wa asili ya watu wake. Aliokotwa akiwa mtoto, wala hajui alikotoka. Nikaangua kicheko. "Miaka yote hii, kumbe mtoto wa kuokotwa! Jamaa kaharibu kila kitu."

Wenzangu wakacheka. Wa kitanda cha juu hakucheka. Baadaye, taa zimeshazimwa, akasema taratibu, "Kaka, mimi nimelelewa kituoni. Sijui nilizaliwa na nani. Mimi hapo ndipo paliponigusa."

Sikuwa na jibu. Miaka miwili tunalala chumba kimoja, najua timu yake, najua hadi madeni yake kwa mama ntilie, hilo sikulijua. Asubuhi nilimuomba radhi. Akasema yameisha, twende kwenye kipindi.

Davies aliporudi 2023, nilidhani atalifuta lile wazo la Chibnall. Hakulifuta. Kwenye kisa cha Krismasi, Daktari, akiigizwa na Ncuti Gatwa aliyezaliwa Rwanda, anakutana na Ruby, aliyeachwa nje ya kanisa akiwa kichanga, na anakiri kwamba naye alilelewa na wasiomzaa. Msimu uliofuata tukaumaliza wawili tu, mimi na wa kitanda cha juu. Mama wa Ruby anapatikana mwishoni: mwanamke wa kawaida, aliyekuwa binti wa miaka 15 alipojifungua.

Mwenzangu alikaa kimya, kisha akasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Mara tatu.

Bado nasema wahusika wa Chibnall wanaongea mno. Ila siku hizi, kabla sijamponda mwandishi, naangalia kwanza nani chumbani hajacheka.