MERU, KISIWA KISICHO NA BAHARI

Msomaji mpenzi, tukitaja kisiwa, mawazo yako hukimbilia Unguja, Pemba au Ukerewe. Lakini kiko kisiwa kingine ambacho hakifikiwi kwa mashua. Siku isiyo na mawingu simama katika nyika ya Sanya, ukitazama upande jua linakotua. Pande zote ni nyasi kavu na vumbi. Mbele yako umesimama Mlima Meru, kijani kibichi toka kiunoni hata mabegani, na kichwa chake ni jiwe tupu. Nyika ndiyo bahari yake. Mvua ambayo ni haba uwandani hunaswa na mlima, nao huigawa kwa mito. Mji wa Arusha, migomba ya Wameru na mashamba ya Waarusha, yote hunyweshwa na mlima huo.

Wageni huvuka bahari kuja kuuona. Je, sisi tukaao chini yake, ni wangapi tuliopata kuingia msituni mwake? Haya basi, twende pamoja, wewe na jamaa yako.

TUANZIE MJINI

Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndiyo sababu hewa yake ina ubaridi ingawa Ikweta si mbali. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka mlimani ikapita mjini. Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900 sasa ni makumbusho ya elimu viumbe, nayo yawafaa sana watoto wa shule.

Ukishika barabara ya Moshi, baada ya kilometa kama 13 utafika Tengeru. Hapo lipo Ziwa Duluti, lililojaa katika shimo la volkano ya kale. Msitu umelizunguka, na ndani ya msitu iko njia ya miguu. Mitumbwi ya kukodi ipo pia. Papo hapo Tengeru yako makaburi ya Wapolandi. Tangu mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, walipewa makao Tengeru. Vita vilipokwisha wengi walihama. Waliofia hapa wamelala chini ya misalaba yao. Simama kidogo, uwaombee.

NGURDOTO NA MOMELLA

Endelea hata Usa River, kisha ukate kushoto. Barabara yapanda hadi lango la Ngongongare, ndipo unapoingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaunganishwa nayo, ikapewa jina la sasa. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, basi usisahau kitambulisho chako.

Ngurdoto ni shimo kubwa la volkano iliyozimika, upana wake kama kilometa 3, na kina chake kama mita 400. Wageni hawashuki humo; hutazama toka ukingoni, na nyati walioko chini huonekana kama punje za pilipili manga. Juu ya miti wanarukaruka mbega, wenye manyoya meusi na meupe kama mtu aliyevaa joho. Simba hakuna, lakini nyati ni wengi, kwa hiyo anayetaka kutembea kwa miguu hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Twiga utawaona karibu sana, wakitafuna majani kwa utulivu.

Mbele kidogo yako maziwa ya Momella, saba kwa jumla. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Katika maji hayo huota mwani mdogo mno, na kila ziwa lina wake; ndiyo maana rangi za maziwa hayo hazifanani. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, hula mwani na vidudu vya majini, na chakula hicho ndicho kinachowapa rangi yao ya waridi. Katika Momella Ndogo unaweza kupiga kasia ukiwatazama.

Maziwa hayo yalitoka wapi? Yapata miaka 8,000 iliyopita, ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka. Mawe na matope yakaporomoka kuelekea Kilimanjaro, na katika mabonde yaliyoachwa yakajaa maji. Ndiyo sababu Meru, ukiutazama toka mashariki, wafanana na chungu kilichovunjika ubavu. Ndani ya chungu hicho kimesimama kilima cha majivu. Mara ya mwisho mlima ulitoa majivu mwaka 1910. Basi umelala, haukufa.

WENYE MIGUU YA KUPANDA

Kilele kina urefu wa mita zaidi ya 4,560, nacho ni cha pili Tanzania baada ya Kilimanjaro. Safari huanza lango la Momella, nayo huchukua siku tatu au nne. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba, wa pili hulala kibanda cha Saddle, kisha huamka usiku wa manane kupanda kileleni, ili jua likichomoza ulione likitokea upande wa Kilimanjaro. Huko juu baridi ni kali. Nenda polepole, ukiumwa sana kichwa na kutapika, usione haya kushuka. Wazee na watoto waishie maporomoko ya Tululusia, nayo yapendeza.

MAJI YA MLIMA

Mlima huu hutoa kwa mkono mmoja na kuonya kwa mwingine. Mawe yake ya volkano hutia madini ya floridi katika chemchemi nyingi, hasa upande wa kaskazini na mashariki. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia, na mifupa hupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floridi; maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki palepale. Heri kukinga maji ya mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Wazazi wenye watoto wadogo walishike sana neno hili.

Tena ni msitu unaoipokea mvua polepole na kuiachia chemchemini. Ukikatwa, mvua hukimbilia bondeni pamoja na udongo wetu, na kiangazi mto hukauka. Mashamba na nyumba vimeuzunguka mlima, na njia waliyopita wanyama kati ya Meru na Kilimanjaro yazidi kuzibwa. Kisiwa kikizidi kuwa kidogo, vilivyomo huisha upesi.

SHAURI KWA JAMAA

Chagueni miezi mikavu, Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Amkeni mapema, maana mara nyingi kilele hujifunika mawingu kabla ya adhuhuri. Chukueni sweta, viatu vigumu, chakula na maji, na takataka zenu mrudi nazo. Gharama ya gari ni nzito kwa nyumba moja. Lakini jumuiya, kwaya au darasa la shule wakichangiana, yawezekana.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtoto akiona kwa macho yake msitu unaozaa mto, hatahitaji hotuba ndefu siku atakapokatazwa kukata mti wa chemchemini au kutupa uchafu mtoni. Safari njema.