Spika ya mataa ilivyoniumbua kwa mjomba

Kuna aibu za kuipata mtaani, kesho yake ukaisahau. Na kuna aibu ya kuipata mbele ya mjomba. Hii ya pili, kwa sisi watu wa Mtwara, haitoki hata kwa sabuni ya magadi. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye neno, na akikunyamazia ujue umekwisha.

Mjomba wangu anaishi Mpapura, Mtwara Vijijini. Ni mkulima wa korosho, lakini jua likizama anageuka mwanamuziki. Anapiga gita kavu, lile lisilo la umeme, kwa vidole viwili tu: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinacheza kwenye nyembamba. Ni mtindo ule ule uliompa jina Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, leo Likasi, akamrekodi akiwa peke yake na gita lake. Sasa mjomba nyimbo zake ni za maneno. Anatania mashemeji, anasema wavivu, anawapa watu vidonge vyao. Ukikosa mstari mmoja umekosa utamu wote.

Basi bwana, msimu mmoja wa korosho, malipo yametoka, mjomba akaniita. Binamu yangu anaolewa. Akanihesabia laki mbili na nusu mkononi, akasema: "Mpwa wangu, wewe mtu wa mjini, umefika Form Four. Nitafutie kitu cha kunikuzia sauti, kisichotaka umeme. Watu kama sitini, uani, chini ya mwembe. Niimbe na gita langu, basi."

Mkoa wetu ndiko ilikogunduliwa gesi ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini chini ya ule mwembe hakuna hata waya. Na jenereta mjomba hataki kulisikia. Harusi ya jirani walikodi moja, likanguruma kama lori linapanda mlima, mwimbaji akawa anashindana nalo.

Ukitazama vizuri, mjomba alikuwa amenipa kila kitu: watu wangapi, wapi, sauti gani. Mimi nilichosikia ni laki mbili na nusu!

Nikaingia duka moja mjini. Pale katikati limesimama spika la magurudumu, refu linanifika kiunoni, linawaka taa nyekundu, bluu na kijani. Ubavuni limeandikwa wati 3000. Muuzaji akachomeka flashi, akaachia Bongo Fleva, kioo cha kabati kikaanza kutetemeka. Nakwambia nilijiona tayari niko Mpapura, watoto wananikimbilia. Sikuuliza swali hata moja. Nikalipa, nikaondoka nalikokota kama mwenye begi la Ulaya.

Siku ya siku ikafika. Biriani limeliwa, wazee wamekaa kwenye mikeka, kina mama nyuma, vijana wamesimama. Nikawasha mataa, watu wakapiga vigelegele. Mjomba akashika maiki, nikachomeka waya wa gita. Kasheshe likaanzia hapo.

Sauti ya mjomba ikatoka nzito, ina mwangwi kama yuko ndani ya kisima. Maneno yakapandana, mstari wa pili unaanza wa kwanza haujaisha. Gita nalo likawa che-che-che, kama mtu anakwangua sufuria. Nikaongeza sauti. Spika likapiga mluzi mpaka mtoto mmoja akaziba masikio. Nikapunguza, wa nyuma wakapaza: "Hatusikii!" Nikaongeza, mluzi! Hazijatimia dakika hamsini mataa yakafifia, likakohoa mara mbili, likazima.

Mjomba hakusimama. Aliendelea kuimba kavu, na mikeka miwili ya mbele ikamsikia. Nyuma watu wakaanza stori zao. Alipomaliza wimbo alilirudisha gita kwenye mfuko wake taratibu, akanitazama, akasema: "Mpwa, hiki chombo kinapenda kusikika chenyewe."

Akanyamaza. Akaninyamazia miezi mitatu.

Nikalipeleka spika kwa fundi redio mmoja hapa mjini, mzee asiye na papara. Nikamwambia ni kimeo. Akafungua mfuniko wa nyuma, akacheka. Ndani kulikuwa na betri ya volti 12, ampea-saa 4.5. Akachukua kalamu: 12 mara 4.5 ni wati-saa 54. "Kijana," akaniambia, "kama hili dude lingekuwa linatoa wati 3000 kweli, betri hii ingekufa kwa dakika moja na sekunde chache. Wewe umepiga karibu saa nzima. Sasa hizo 3000 ziko wapi?"

Nikabaki mdomo wazi. Ile ni hesabu ya shule ya msingi, na mimi nina cheti cha Form Four!

Tangu siku hiyo nikawa nashinda kwa fundi kama mwanafunzi. Niliyoyaokota nawapa bure, maana washikaji wengi wenye magita na marimba wanaliwa mshiko kila siku.

Kwanza, wati si sauti. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, tofauti ndogo kwa sikio. Lakini kwenye uwanja wazi, msikilizaji akikaa mbali mara mbili, anapoteza desibeli 6. Kwa hiyo ukitaka aliye mita 16 asikie kama aliye mita 8, unahitaji wati mara nne. Njia rahisi ni kuchagua spika yenyewe iliyo nyepesi kuitika. Muulize muuzaji inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa mita moja. Yenye 97 ikipewa wati 10 inapiga kwa nguvu kuliko yenye 88 iliyopewa wati 70. Asipojua, sikiliza kwa masikio yako, ila ukiwa nje ya duka. Ndani ya kuta nne kila spika ni shujaa.

Pili, tundu la gita. Kinasa kinachobandikwa chini ya daraja la gita kavu kinatoa sauti dhaifu. Ukikichomeka kwenye tundu la maiki ya karaoke, besi yote inapotea, unabaki na che-che-che yangu ile. Kinataka kwanza kipewe nguvu na kisanduku kidogo ambacho mafundi wanakiita priampu. Vile viamplifaya vya wapigaji wa barabarani kule Ulaya, mfano Roland Cube Street inayotumia betri ndogo sita za kawaida, au Bose S1 Pro iliyotoka mwaka 2018, vimetengenezwa hivyo: maiki ina mpangilio wake, gita lina wake. Bei yake ni ya kumtoa mtu machozi, lakini wazo lake ni la kuibwa.

Tatu, betri. Ya asidi usiinyonye chini ya nusu, utaiua mapema. Fundi alinipigia hesabu: betri ya volti 12, ampea-saa 7, ni wati-saa 84. Nusu yake 42. Muziki wa taratibu ukila wastani wa wati 10, una saa nne. Harusi gani ya uani inazidi hapo? Betri za lithiamu ni nyepesi na zinavumilia kunyonywa zaidi, ila jipange.

Nne, mahali pa kuweka. Mimi niliweka spika nyuma ya mjomba, chini, ardhini. Maiki ikawa inasikia spika, spika inarudia maiki, ndiyo mluzi ule. Na sauti iliyobaki ikafyonzwa na miili ya watu wa mbele. Spika ikae mbele ya mwimbaji, imgeuzie kisogo, juu ya meza, ipite juu ya vichwa vya waliokaa.

Lile spika la mataa nilimuuzia kinyozi mmoja wa Magomeni kwa laki na sitini. Analifurahia mpaka leo, anapiga flashi kutwa likiwa kwenye umeme. Kwa kweli halikuwa spika baya. Lilikuwa spika la kazi nyingine, nami nililipa kazi ya mjomba.

Fedha ile ikaingia kwa fundi. Akanitengenezea boksi la mbao lisilo na taa hata moja: spika ya inchi 8, kitwita cha honi kwa ajili ya maneno, amplifaya ndogo ya kisasa isiyopoteza umeme kwa joto, priampu ya gita, betri ya ampea-saa 7. Kwa sura, ungedhani ni banda la njiwa.

Nikapanda nalo Mpapura, moyo unadunda. Mjomba akalizunguka mara mbili. "Mataa yako wapi?" Nikajibu hayapo. Akaguna, akaenda kuchukua gita.

Hapakuwa na sherehe. Ni majirani tu, jioni, chini ya mwembe ule ule. Niliweka boksi juu ya meza ya kulia, maiki nyuma yake, sauti kidogo tu. Mjomba akaanza taratibu. Gumba likasikika. Hapo nikapumua. Kisha akaingia ule wimbo wa shemeji mlafi, na alipofika pale penye utani, wa mbele wakacheka. Na kule nyuma kabisa, karibu na kinu, bibi mmoja akacheka pamoja nao, pumzi ile ile.

Msomaji, kipimo changu siku hizi ni hicho. Wa nyuma akicheka pamoja na wa mbele, umepata chombo. Akicheka baada ya kumuuliza jirani yake amesemaje, rudisha dukani. Ngoma ya sindimba haihitaji betri, inasikika kijiji cha pili. Gita kavu na maneno ya mzee ndivyo vinavyotaka msaada, na msaada mzuri haujionyeshi.

Nilipokuwa nakunja waya mjomba akaja, akagonga lile boksi kwa kidole, akasema: "Hiki kinajua kunyamaza." Nikatabasamu mpaka jino la mwisho. Halafu akaongeza: "Ila tisini elfu yangu naikumbuka."

Msimu wa korosho ukifika nitamlipa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.