Bibi ya Shujaa Alisema Nini?



Sisi walimu wanawake wa hapa Mwadingusha tunapenda kuangalia filme za historia pamoja na watoto, kwani mtoto anashika kwa macho upesi kuliko kwa kitabu. Moja wapo ni filme «Lumumba» ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Ni filme nzuri, na inatugusa: Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika Katanga yetu hii, kule Shilatembo.

Filme inapokwisha, tunawauliza watoto neno moja: wanawake walifanya nini? Jibu ni lile lile. Bibi alikuwa nyumbani. Alilia. Alibeba mtoto. Wanaume wanasema, wanabishana, wanatia saini. Pauline Opango, bibi ya Lumumba, anangojea.

Hatusemi ni uongo. Kungojea pia ni kazi, na wale kati yetu wenye mabwana wanaolala kwenye ziwa Tshangalele kwa kutafuta samaki wanaijua. Lumumba mwenyewe alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960 kwenye mto Sankuru, kwa kuwa bibi na mtoto walibaki ng'ambo, naye akawarudia. Lakini habari ya Pauline haikuishia mtoni. Februari 1961, kifo kilipotangazwa, alitembea katika barabara za Léopoldville, kifua wazi kama mjane anayelia, akidai maiti ya bwana yake. Wakubwa walikuwa na bunduki. Yeye alikuwa na kilio chake, akakitoa mbele ya watu wote. Filme inafuata njia ya bwana hadi kifo. Njia ya bibi haiifuati.

Mwingine ni Andrée Blouin. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, mama Mwafrika, baba Mfaransa, akalelewa na masista huko Brazzaville, mbali na mama yake. Mtoto wake mdogo alikufa kwa malaria, kwa sababu alinyimwa kinini, dawa iliyotengwa kwa Wazungu. Kilio hicho kilimwingiza katika siasa. Mwaka 1960 alizunguka Kongo akikusanya wanawake, kisha akawa mkubwa wa protokole katika serikali ya Lumumba. Watoto wengi wa masomo hawajasikia jina lake. Filme ya Johan Grimonprez ya mwaka 2024 juu ya mambo yale imempa nafasi kubwa, na maneno yake yanasomwa kwa sauti ya mwanamke.

Wachina nao wana shujaa wao, Qiu Jin, aliyekatwa kichwa mwaka 1907 kwa kupinga ufalme. Wametengeneza filme zaidi ya moja juu yake, na pale mwanamke ndiye yuko katikati. Lakini ile ya mwaka 2011 inapenda sana upanga wake. Qiu Jin alikuwa pia mwalimu, aliandika mashairi, alianzisha gazeti la wanawake, alipinga desturi ya kufunga miguu ya watoto wanawake. Kazi hiyo haing'ai machoni kama upanga. Basi hatari ni mbili: mwanamke afanywe kivuli cha bwana, au afanywe mwanaume aliyevaa kikwembe.

Mtu atauliza: hayo yanatuhusu nini, sisi tunaohangaikia bukari ya jioni? Yanatuhusu. Mtoto mwanamke anayeona kwamba historia ni ya wanaume, siku mfuko unapokuwa mwepesi na mmoja lazima aache masomo, anajitoa mwenyewe. Tumewaona: wale waliokuwa wa kwanza kujibu darasani, sasa wako sokoni na beseni la samaki. Kuuza samaki si aibu. Aibu ni kwamba hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Tumkumbuke Juliana, binti ya Pauline. Mwaka 2020 alimwandikia mfalme wa Ubelgiji barua, akidai jino la baba yake, kwani mwili wote uliangamizwa. Tarehe 20 Juni 2022 jamaa walipewa jino hilo. Lilipita Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Mama alidai kwa miguu yake. Miaka karibu 60 baadaye, binti alidai kwa kalamu. Kalamu haishikwi na mtoto aliyetolewa masomoni.

Kwa hiyo, watoto wanapotayarisha mchezo wa 30 Juni, tusiwape watoto wanawake beseni la kubeba tu. Tuwape maneno ya kusema. Na nyumbani, filme ikiisha, baba na mama wawaulize watoto: Pauline alisema nini? Andrée alisema nini? Kama filme imenyamaza, sisi tusinyamaze.