Kabla Hujamkatia Vidonge

Mwanangu Zuhura,

Hapa Muheza wote wazima, ila babu yako magoti yanamsumbua na hataki kusikia habari ya mkongojo. Nimefurahi kusikia umepata kazi duka la dawa. Umeniuliza utazikumbukaje antibayotiki zote hizo bila kuzichanganya. Usihangaike kukariri majina. Jiulize dawa inamshika bakteria wapi, na kama kitu hicho na sisi tunacho.

Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming huko London mwaka 1928, inamzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake, naye anapasuka. Amoksilini na ampisilini ni ukoo huo huo. Seli zetu hazina ukuta, ndiyo maana hata mjamzito huandikiwa amoksilini. Cha kuogopa ni aleji. Ukimuuliza mteja kama ana aleji, wengi watakujibu hapana. Muulize kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha midomo au kumbana pumzi. Kama ni sindano ya penisilini, amoksilini asiiguse, hata kama jina ni jingine.

Kotrimoksazoli, yaani Septrini, inamnyima bakteria foleti, ambayo yeye hujitengenezea na sisi tunaipata kwenye mchicha na maharage. Ubaya wake huonekana kwenye ngozi. Mtu akirudi na malengelenge mdomoni au ngozi inababuka, aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo. Usimuuzie ya kupaka!

Doksisaiklini ndiyo inayotesa watu kwa kukosa maelezo tu. Inazuia ribosomu za bakteria kutengeneza protini. Zetu zipo, lakini umbo lake ni tofauti. Sasa mtu anaimeza kwa mate wakati wa kulala, inanasa kooni na kuunguza. Kesho anakuja amejishika kifua, anataka dawa ya vidonda vya tumbo. Mwambie anywe na glasi nzima ya maji, akae wima nusu saa. Asichanganye na maziwa wala vidonge vya damu, kwa sababu kalsiamu na madini ya chuma huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Wavuvi na wakulima waambie wajikinge na jua, ngozi itaungua upesi. Wajawazito na watoto wadogo waelekeze kwa daktari, maana hutia meno ya mtoto madoa yasiyotoka.

Erithromisini nayo hushika ribosomu, na husokota tumbo kweli kweli. Kloramfenikoli vilevile, lakini mitokondria zetu zina ribosomu zinazokaribia za bakteria, kwa hiyo inaweza kudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Siku hizi utaiona zaidi kwenye dawa ya matone ya macho.

Siprofloksasini inavuruga vimeng'enya vinavyoshughulikia DNA ya bakteria. Mzee anayeitumia akilalamika kano ya kisigino inauma, hasa kama anameza na prednisoloni, aache dawa na amwone daktari. Metronidazoli, hiyo Flajili, huacha ladha ya chuma mdomoni na mkojo unaweza kuwa mweusi. Mwambie mteja mapema asije akatishika. Pombe asiiguse mpaka siku 2 zipite baada ya kumaliza dozi.

Utakutana pia na wa "nikatie za elfu moja," mafua yanamtiririka. Kirusi cha mafua hakina ukuta wala ribosomu, kwa hiyo hapo hakuna dawa yoyote kati ya hizi yenye pa kushika. Atanuna, ataondoka na kwenda duka la pili. Mwache aende.

Amoksilini ya unga ya watoto uichanganye wewe mwenyewe hapo hapo dukani, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa na si juu yake. Andika tarehe kwa kalamu. Halafu uniambie kama mna friji, maana joto la huko ninalijua.

Shangazi yako