Nimekatwa Jicho kwa Makofi Matatu

Jumamosi usiku nimekatwa jicho, na leo Jumanne bado linaniwasha.

Nilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa Berlin, okestra inapiga Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky. Ina sehemu nne. Ya tatu ni kama gwaride: fidla zinaanza kwa kunong'ona, zinakimbizana, tarumbeta zinaingia, ngoma, matoazi, sauti inapanda mpaka unaisikia kwenye mbavu, kisha pa! inakatika. Nikapiga makofi. Matatu, nayakumbuka kwa idadi. Bibi mmoja mwenye shali ya kijivu akanigeukia, kidole mdomoni, kama ananyamazisha mtoto msikitini. Ukumbi kimya. Halafu wakaanza kukohoa, safu hadi safu, na pua zikapengwa. Kikohozi ruhusa, makofi mwiko!

Kanuni naijua: sehemu zote ziishe, mwongozaji ashushe mikono, ndipo. Lakini kanuni hiyo haikuzaliwa na muziki wenyewe. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, kwa furaha, kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, palepale alipojua patawakuna. Baada ya onyesho akaenda kula aiskrimu. Mwenye kazi alifurahi. Huyu wa shali alinikasirikia kwa niaba ya nani?

Mama yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akienda taarab na noti zake kwenye pindo la kanga. Bashraf ikipigwa ametulia kama maji mtungini. Uimbaji ukianza, anaungoja ubeti wake. Ukifika, anainuka, haendi mbio, mkono juu, noti inapepea, mpaka mbele ya mwimbaji, anamtunza, na ukumbi mzima unajua ubeti ule kauchukua yeye na unampiga nani. Mwimbaji anaurudia, fidla zinautia chumvi. Mwaka aliogombana na wifi yake aliutunza ubeti mmoja mara tatu. Wifi naye akainuka kutunza uliofuata. Neno halikutoka mdomoni mwa yeyote, na kila mtu alirudi nyumbani keshasema lake. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie asubiri mpaka mwisho! Mwisho atatunza nini, na ubeti umeshapita?

Niseme haki, sehemu ya nne ilinishika. Inafifia, inazama kwenye besi, na mwongozaji akaacha mikono hewani muda mrefu. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza mara ya kwanza mwaka 1893, na siku tisa baadaye akafariki. Kimya kile kilikuwa kama cha matangani, na nyumbani huenda mtu angekichana kwa kigelegele, jambo ambalo lingeniuma. Lakini kilio kina wakati wake na gwaride lina wakati wake.

Mwezi ujao wanapiga Simfonia ya 7 ya Beethoven. Binti yangu, mzaliwa wa huku, ananisihi nikae mikono mapajani. Nimemweleza kwamba ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, mwaka 1813, watu waliishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa hapohapo. Hakuamini. Nimemkatia na yeye tikiti.