Mungu Aona Sirini

Kuna Wakristu wenye sura mbili. Dominika wanakaa mbele kanisani, wanaimba kwa sauti, wanapokea Komunyo. Jumatatu, mlango wa biro ukifungwa, wanakuwa watu wengine. Ukiwauliza, wanajibu: «Ninayoyafanya peke yangu ni yangu. Hayamdhuru mtu.»

Ndugu msomaji, neno hilo si la kweli. Siri ya mtu haikai chumbani mwake. Inatoka nje, inakwenda sokoni, inaingia katika sahani za watu.

Mama yangu aliuza maharagi. Alipima kwa kopo, kama wauzaji wote. Wengine waligonga chini ya kopo mpaka likabonyea ndani. Mnunuzi aliona limejaa, naye alirudi nyumbani na maharagi pungufu. Mama alikataa. Alituambia: «Mnunuzi haoni chini ya kopo, lakini watoto wake watajua usiku.» Sijapata kusikia mahubiri makubwa kupita hayo.

Neno hilo nalikumbuka kila ninapofikiri habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuzuia vyakula vilivyoharibika visifike sokoni. Nje ya kazi, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwasaidia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo.

Watu walimtolea fedha ili apitishe mchele ulioharibika. Fikiri vema jambo hili. Angekubali, nani angejua? Fedha zingeingia mfukoni kimya kimya, na Dominika angeketi kanisani kama kawaida. Lakini mchele ule ungeliwa na nani? Tajiri ana chakula kingine. Ungeliwa na maskini, pengine na maibobo wale wale aliowapenda. Floribert alikataa matabishi. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akauawa. Maiti yake ilionekana tarehe 9. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipokutana na vijana katika Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwapa mfano wake. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri na shahidi.

Wengi wanastaajabia kifo chake, na ni haki. Mimi nastaajabia zaidi saa ile ya kwanza, fedha zilipotolewa, wala hapakuwa na mtu wa kumsifu kwa kukataa. Hapo ndipo ushahidi wake ulipoanza.

Tena mtu haanzi kukataa siku ya fedha nyingi. Anajifunza kwa mambo madogo: kopo la sokoni, dawa za wagonjwa mikononi mwa muuguzi, alama za wanafunzi mikononi mwa mwalimu, maneno ya simu ambayo mume hataki mkewe ayasome. Dhamiri ni kama jembe: likilima linang'aa, likiachwa linapata kutu.

Najua mtu atasema: «Mshahara hauji, watoto wanalala njaa. Nikikataa, tutakula nini?» Neno hilo si dogo, wala sitalicheka. Anayemnyima mfanyakazi mshahara wake anatenda dhambi inayolilia mbinguni. Lakini njaa ya watoto wangu haiponi kwa kuwalisha sumu watoto wa jirani. Kwa hiyo usibebe jaribu peke yako. Mwambie mke wako, mwombe padri shauri, zungumza na wenzako wa jumuiya. Shetani anapenda siri ya mtu aliye peke yake.

Yezu naye alitufundisha siri, lakini ya namna nyingine: kutoa sadaka, kusali na kufunga pasipo kujionyesha, kwa kuwa Baba anaona palipofichika. Basi mlango uliofungwa unaweza kuficha wizi, au kuficha sala. Sisi ndio tunaochagua.

Leo jioni, kabla ya kulala, jiulize: Nimefanya nini leo ambapo hakuna aliyeniona? Nani atakula matunda yake? Je, naweza kumtolea Mungu jambo hilo kesho altareni?

Mwenye Heri Floribert, utuombee.